Labda

Miaka thelathini na moja nilizisoma taa za reli:
nyekundu, simama; kijani, pita.
Taa isiyo na hakika ni ajali inayosubiri treni,
na mimi, Jolán, binti wa fundi viatu,
sikuwahi kuandika "labda" katika daftari la zamu.

Sasa nimestaafu. Nina ua nyuma ya nyumba,
hapa ukingoni mwa mbuga ya Hortobágy,
miplamu miwili, kamba ya kuanikia nguo,
na darubini ya kioo cha sentimita thelathini
nilichokisugua mwenyewe jikoni majira yote ya baridi,
unga wa kusugulia ukaingia hata kwenye supu.

Vishada vikubwa vya nyota havinipi kazi.
Kile cha Herkule hujimwaga chenyewe
kama chumvi iliyomponyoka mpishi:
nyota malaki, zimebanana, zinajua zinatazamwa.
Mimi nakitaka cha tano cha Palomar,
kile kinyonge katika Nyoka,
ambacho galaksi inakikwanyua kidogo kidogo
kama mtu anayefumua sweta kuukuu apate uzi.

Usiku kumi na saba. Daftari lasema:
Hapana. Hapana. Mawingu. Hapana.
Mbu. Hapana.
Usiku wa kumi na mbili: taa ya Gáspár.

Gáspár ni jirani. Ana bata bukini arobaini
na taa moja kali juu ya banda,
kwa ajili ya mbweha.
Nilimpelekea chupa nne za jamu
nikamwomba saa moja ya giza.
Akaionja kwa kidole. Akasema: nusu saa.

Nikajifunika shuka jeusi kichwani, nikangoja.
Watu husema macho hayana pazia.
Yanalo, nalo hupanda polepole,
dakika ishirini na ushee, ukiwa na subira.
Halafu ndipo kazi: usikikodolee.
Kitu hafifu ukikitazama usoni kinakukwepa
kama mdaiwa sokoni.
Tazama kando. Jifanye una shughuli na nyota jirani.
Gonga bomba kwa ukucha, picha iteteme kidogo,
maana jicho hukiona kinachotikisika
kabla ya kilichotulia.

Na pale,
si nyota, si wingu,
giza lililopungua kidogo kuliko giza lenzake.
Nikavuta pumzi, kikapotea. Nikaiachia, kikarudi.
Nikahesabu: moja, mbili, ta—

Bata wakalipuka, wote arobaini.
Taa ikawaka. Ua mzima mweupe:
nguo kwenye kamba, ndoo, mikono yangu,
na Gáspár mwenye kandambili moja
akimlaani mbweha na ukoo wake wote.

Thelathini na tisa.

Chini ya tarehe nikaandika neno moja,
lile ambalo kazini lingenifukuzisha.

Asubuhi nilikwenda na pesa kwenye bahasha.
Hakuigusa. "Ulikiona?"
Nikamwambia nilichoandika.
"Kikoje?"
Kama pumzi kwenye kioo cha dirisha,
aliyepumua akiwa ameshaondoka.
"Na hicho ndicho kimekula bata wangu."
Ndicho. Mwanga wake ulianza safari
kabla hakujawa na bata wa kufugwa,
wala jamu, wala jirani wa kudaiana naye.
Akacheka kwa pua, akafunga mlango.

Usiku ule sikuenda kumwomba.
Saa tano kamili taa ikazimika.
Nikachungulia juu ya wigo wa mbao:
amekaa kitini katikati ya bata wake,
fimbo magotini, koti begani,
na uso hakuuelekeza kichakani anakotokea mbweha
bali juu, kando kidogo,
kama mtu anayejifanya ana shughuli nyingine.